Jinsi Nilivyozitunza Sarafu za Marehemu

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Naanza kuandika kwa hasira. Daftari ni la binti yangu Gillian, la hesabu za kidato cha pili, kurasa za nyuma zimebaki nyeupe. Haya nikiyasema kwa mdomo nitafukuzwa kazi, basi nayaandika. Darasa la tano nilifika. Kuandika najua.

Leo Bwana Garama, meneja wetu, ametuita wote pale mapokezi. Sisi wa dobi tumekuja na mapovu mikononi. Hoteli inatimiza miaka ishirini na mitano. Limeletwa kabati la kioo, jipya, linanuka vanishi, litasimama mlangoni ili kila mgeni anayeingia alione. Ndani kitawekwa kitu cha kumbukumbu kutoka kwa wafanyakazi. Vitu vilivyopendekezwa ni viwili. Sarafu za marehemu mume wangu, Kimeu. Au makombe ya Monicah.

Makombe! Monicah ni mkubwa wa wasafisha vyumba. Makombe yake ameyaokota ufukweni akiwa zamu, tena zamu ya kulipwa. Diani nzima imejaa makombe. Mbwa wanayakanyaga.

Meneja akasema kabati litakuwa na kibao cha shaba chenye jina la mwenye vitu. Jina kamili. Hapo moyo wangu ukaruka. Kimeu alibeba mizigo ya wageni hoteli hii miaka kumi na tisa. Wageni walimwita Kapteni kwa sababu ya ile kofia ya sare yake. Mameneja wanne walimwita Kapteni. Alipofariki mwaka jana, kadi ya rambirambi ya hoteli iliandikwa "Kwa familia ya Kapteni." Niliisoma mara tatu pale pale kaburini, nikitafuta jina la mume wangu. Halikuwamo!

Basi jina litaandikwa. Hata ikibidi nilale chini ya hilo kabati.

Atakayeamua ni Mzee Horst, mgeni wa kutoka Austria anayekuja kila Novemba. Anazijua sarafu kama daktari anavyoyajua mafigo. Atafika Jumamosi. Akisema zinafaa, zinaingia. Akisema hazifai, yanaingia makombe.

Monicah amenipita kwenye ujia akanishika bega. Usijisumbue, Mama Gillian, dadangu, akasema. Makombe hayashiki kutu.

Nimerudi nyumbani mbio. Nikaitoa albamu chini ya godoro. Nikaifungua.

KIJANI! Sarafu zote zina ute wa kijani, unavutika kama mlenda. Kurasa zimegandana. Kunanuka kama viatu vya plastiki vilivyoachwa juani. Nikapiga yowe mpaka Gillian akatoka mbio na kitabu chake cha kemia, akidhani ni nyoka.

Sarafu zenyewe ni hivi. Mgeni akiondoka humpa mbeba mizigo chenji ya kwao iliyobaki mfukoni, na benki ya Ukunda haibadilishi sarafu, inabadilisha noti tu. Wenzake Kimeu walizitupa au wakawapa watoto wachezee. Yeye aliziweka. Akaongeza na za zamani za huku kwetu, senti zenye tundu, rupia za fedha, na moja ya shaba, pesa ya Mombasa yenye picha ya mizani, kahawia kama tende. Hiyo aliipenda kuliko zote. Jumla sitini na tatu. Kila moja aliitia katika bahasha ndogo ya karatasi, bahasha alizotumiwa na Mzee Horst, kisha zote ndani ya mkebe wa biskuti.

Mimi niliona aibu. Vitu vya thamani kwenye vikaratasi, kama ugoro! Mvua za El Nino zilipoanza kutoboa paa, nikanunua albamu ya picha, ya kisasa, kurasa za plastiki laini. Nikashona kwa cherehani vijumba vidogo vidogo, sarafu moja chumba kimoja. Bahasha nikawashia jiko. Kuni zote zilikuwa majimaji, na watoto wanataka chai.

Mwaka mzima nilikuwa nalala juu yake kwa raha. Kumbe nalalia mlenda!

Kosa ni la Kitsao aliyeniuzia. Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Kesho atanitambua.


Jumanne, 3 Novemba

Nimekwenda Kombani sokoni. Kitsao yupo pale pale, na albamu zake zimetundikwa kama mishikaki. Sikumsalimu vizuri. Nilisema tu hujambo, nikamfungulia albamu usoni.

Akasogea nyuma. Akauliza nimeweka nini humo, samaki? Nikamwambia sarafu. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, mama, hii ni nyumba ya picha, mimi nimeuza albamu tangu mwaka wa tisini, na hakuna picha hata moja iliyowahi kurudi hapa kulalamika.

Watu wakacheka. Mwanamke muuza nyanya akacheka zaidi ya wote, na nyanya zenyewe mbovu.

Nikapandisha sauti. Nikasema mume wangu ni marehemu. Hapo Kitsao akatulia, ana adabu kidogo, mamake alimlea. Akasema pole, mama. Akasema huenda hiyo ilikuwa ya zamani imechoka. Akanipa nyingine bure, mpya kabisa, ina maua waridi juu, plastiki yake laini kuliko ile ya kwanza, na harufu yake kali mpaka macho yanawasha. Ndiyo dalili ya upya.

Nimeshinda! Nilirudi nikiwa nimeinua kichwa.

Gillian ameinusa akafunga pua. Mama, ni harufu hiyo hiyo, akasema. Hiyo plastiki inatoa asidi ikipata joto. Nikamwambia ana mtihani wa kemia Jumatatu, asizitumie akili zote leo. Akamaliza uji wake. Amekonda mtoto huyu. Nimemwongezea siagi kwenye mkate bila kumwambia.


Jumatano, 4 Novemba

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikufikiria jana.

Mimi ni dobi. Nimetoa divai kwenye mashuka, nimetoa hina, nimetoa damu, nimetoa vitu ambavyo siviandiki. Ute wa kijani utanishinda?

Baada ya kazi nimekamua ndimu ishirini kwenye karai. Majivu, chumvi, na mchanga mwembamba wa pwani wa kusugulia sufuria. Nikazilowesha. Povu likapanda likazomea. Nikasugua moja moja kwa gunzi, kisha kwa mswaki wa Gillian (wa zamani!). Kijani kimekwisha. Na weusi wote umekwisha. Ile ya mizani ilikuwa imesinzia miaka yote kahawia, sasa imeamka, nyekundu, inameremeta kama kitako cha sufuria ya arusi. Mizani yenyewe imepungua kidogo, kamba zake hazionekani sana. Lakini mng'aro! Nimezianika uani juu ya ungo na jogoo wa jirani amezikimbia.

Nilimwita Gillian aone. Alisimama mlangoni, mikono kichwani. Mama, umezichuna ngozi, akasema.

Nimekasirika sana. Sarafu ina ngozi? Sarafu ni mbuzi? Nikamwambia babake angekuwepo angefurahi. Akasema babake hakuwahi hata kuzishika katikati, alizishika ukingoni kwa kucha. Kisha akaingia ndani.

Kweli alikuwa akizishika hivyo. Mimi nilidhani ni kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinauma.

Monicah naye leo amepitisha makombe yake jikoni hotelini, akawaonyesha wapishi, moja moja, ndani ya pamba. Lile kubwa linanuka. Kuna mnyama amefia humo, naapa. Wapishi walisifu huku wamegeuza nyuso.

Jumamosi nitamfunika kwa mwanga.


Alhamisi, 5 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi Bwana Garama amenisimamisha karibu na chumba cha kupigia pasi. Ana faksi mkononi, imetoka kwa Mzee Horst. Akanisomea kwa upole wake ule wa kunyoosha kila neno. Mzee Horst anasema anafurahi sana. Anasema atavunjika moyo sana sana ikiwa mtu yeyote amezisafisha. Anasema weusi ule na ukahawia ule ndio thamani yake. Ngozi ya ile pesa ya mizani ilichukua miaka mia na kumi kuota, na ndimu huiondoa kwa dakika moja.

Ametaja ndimu! Mzungu yuko Austria, amejuaje ndimu zangu?

Bwana Garama akauliza, Mama Gillian, nawe hukuzisafisha, sivyo? Nikamwambia, Bwana Meneja, mimi nimsafishie nani? Akasema vyema. Akaenda zake.

Nikabaki nimeshika pasi mpaka foronya ikaungua.

Yaani anataka uchafu! Sisi huku tunasugua mpaka viganja vinakwisha, tukiacha doa moja kwenye taulo tunaandikiwa barua ya onyo, halafu mtu yule yule anayelalamikia doa la taulo anasafiri bahari na nchi kuja kuupenda uchafu wa sarafu! Na angeniambia mapema! Nani alinifundisha mimi kwamba kuna uchafu wa kusugua na uchafu wa kuenziwa?

Haya. Anataka uchafu, atapewa. Nina siku mbili.

Jioni nimejifanya namsaidia Gillian kudurusu. Nikamshikia kitabu, nikamuuliza, eti mwanangu, kitu gani hufanya fedha iwe nyeusi? Alifurahi mtoto, uso wote ukafunguka, kwa sababu sijawahi kumuuliza swali la kemia maisha yangu yote. Akasema salfa, Mama. Iko wapi salfa? Akasema kwenye yai lililochemshwa, kwenye raba, hata kwenye sufu. Nikamuuliza na shaba je? Akaanza kueleza kuhusu hewa na chumvi na miaka. Miaka sina. Nikamwambia imetosha, umefaulu.

Mayai ninayo manane. Nilimnunulia yeye, ya kumtia nguvu wiki ya mtihani. Nimechukua sita. Nimeona vibaya. Lakini jina ni la babake.


Ijumaa, 6 Novemba

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimesema meno.

Mayai sita nimeyachemsha mpaka yakawa magumu, nikayakatakata ya moto, nikayafunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na sarafu za fedha. Kwa usalama nikazizungushia na raba, raba kumi na mbili, ili salfa isikose njia. Baada ya saa tatu nimefungua. Weusi umekuja! Lakini umekuja kwa mabaka. Nyingine ina rangi ya petroli iliyomwagika majini, bluu, zambarau, manjano. Nyingine ina mistari miwili meusi, hapo raba zilipokaa. Mfalme mmoja wa Kiingereza amepata kitambaa cha jicho kama haramia.

Si neno. Mabaka ni uzee.

Za shaba ndizo shida. Mayai hayazitaki. Nikafikiri nani ninayemjua ana weusi usiotoka. Mzee Shutu! Mzee Shutu anakaanga korosho kando ya njia ya Msambweni, kwa moto wazi, maganda yanalia na kutema mafuta. Vidole vyake ni vyeusi tangu nilipohamia pwani hii kutoka Makueni. Miaka ishirini anaviosha kila sala na haviondoki. Ndiyo rangi ninayoitaka mimi!

Nikamwamkia, shikamoo Mzee Shutu. Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo? Nikamweleza. Akauliza, mwanangu, umekula leo? Nikasema nimekula. Akasema mafuta ya ganda la korosho hayana mchezo, yanachuna, hata ng'ombe hayarambi. Nikasema sitayaramba. Akasema basi fanya, lakini usishike kwa mkono.

Nikazipanga juu ya kipande cha bati katikati ya moshi. Nikazipaka mafuta kwa kijiti. Zikawa nyeusi, nyeusi tamu, nyeusi ya heshima! Ile ya mizani ikateleza kuelekea motoni.

Nikaishika kwa mkono.

Sasa naandika kwa kalamu iliyofungwa kwenye kitambaa. Vidole vitatu vya kulia na viwili vya kushoto vimekuwa vyeusi na vimevimba, ngozi inainuka kama mkate wa mofa. Mzee Shutu amenipaka mafuta ya nazi, akanung'unika tangu mwanzo hadi mwisho. Sarafu za shaba zinanata. Kila kitu kinazigandia. Moja imepata unyoya wa kuku.

Gillian amenifunga vidole. Angenilaumu ningejua la kumjibu. Amekula yai moja, akaniachia mimi la pili.


Jumamosi, 7 Novemba

Nitaandika yote.

Saa nne tumekusanyika mapokezi. Mzee Horst ameingia, mrefu, kofia ya majani, mkono mmoja mkoba, mkono wa pili lenzi. Anaongea Kiswahili cha kitabuni, kila neno analitandika kama shuka. Akanipa pole ya Kimeu. Akasema KIMEU. Si Kapteni. Nikataka kulia, nikajizuia, Monicah alikuwa anatazama.

Makombe yakatangulia. Monicah amevaa sare mpya, ameyapanga kwenye kitambaa cheupe nilichokifua mimi mwenyewe! Mzee Horst akasema mazuri. Akafika kwenye lile kubwa akarudi nyuma hatua moja. Nikafurahi.

Kisha albamu yangu ya waridi. Akaifungua.

Uso wake ukawa wa mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba haipo.

Akaitoa rupia yenye haramia kwa ukingo. Akaitoa ile ya mizani, ikatoka na kijumba chake cha plastiki, imegandia. Akaweka lenzi jichoni. Akaiondoa lenzi. Akauliza taratibu, nini kimetokea?

Nikasema ni hewa ya bahari, Mzee.

Akaipeleka puani. Akanusa. Akauliza, hewa ya bahari ina korosho?

Watu wote wa mapokezi, na mpishi, na mtunza bustani, na mgeni mmoja aliyekuwa anaomba ufunguo wake, wakageuka kuitazama mikono yangu. Niliificha nyuma. Nyuma alikuwa Monicah. Akasema kwa sauti ya kanisani, masikini Mama Gillian, umeumia na hewa ya bahari.

Ningempiga. Mungu ameona. Vidole ndivyo vilivyomwokoa.

Mzee Horst akakaa chini akanieleza, bila kupaza sauti, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Plastiki laini hulainishwa kwa mafuta maalumu, nayo kwenye joto hutoa jasho, na jasho lile lina asidi, hula shaba. Plastiki ngumu isiyo na harufu haitoi jasho. Karatasi nayo si kila karatasi, ila zile bahasha alizozituma zilikuwa za karatasi isiyo na asidi. Raba haifai, sufu haifai. Na ule ute wa kijani, akasema, ningeuacha ulivyo, yeye mkobani ana kichupa cha maji yanayoutoa bila kuigusa ngozi ya sarafu.

Ana kichupa! Mkobani! Siku zote hizi!

Akauliza, na bahasha ziko wapi? Nikasema zilikuwa tupu, nikawashia jiko. Akafumba macho. Akasema hazikuwa tupu. Kimeu aliandika juu ya kila moja, kwa penseli, nani alimpa, lini, chumba gani. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali, Mama. Sarafu kama hizi ziko nyingi duniani. Zile bahasha zilikuwa moja tu.

Mimi nililijua lile andiko la penseli. Nilidhani ni namba za vyumba tu. Nilichemshia chai.

Bwana Garama akakohoa. Akasema kwa masikitiko basi, makombe. Monicah akaanza kuyainua kuelekea kabatini.

Hapo nikapasuka. Sijui ilitoka wapi, mimi ni mtu wa kunong'ona. Nikasema wekeni chini hayo makombe! Nikasema mnataka kujua nani alimpa? Mimi najua nani alimpa! Kila jioni miaka kumi na tisa aliingia nyumbani akaiweka sarafu juu ya meza yangu ya pasi, akanisimulia, na mimi nikimwambia sogea naunguza shati. Mlidhani sikuwa nasikiliza?

Nikaishika lira. Kwa ukingo. Nikasema hii ni ya bibi wa Kiitaliano wa chumba cha kumi na nne, aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya glasi, na Kimeu akalifukuza basi lao mpaka Ukunda, glasi mkononi, bila kumwaga maji. Hii ni ya fundi wa saa wa Kijerumani, Kimeu siku hiyo alikuwa anaumwa mgongo, fundi akabeba mabegi yake mwenyewe na bado akatoa bakshishi, na Kimeu akaona aibu wiki nzima. Hii ya mizani hakupewa na mgeni. Alimtekea maji bikizee mmoja kule Vanga, na bikizee hakuwa na kitu ila hii, imefungwa kwenye pindo la leso. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu bikizee akaanza kumtukana, akaipokea.

Na hii, Mzee Horst, ni yako. Ulimpa ukamwambia ni shilingi ya kwenu. Kimeu akakwambia hata sisi tunayo shilingi, akakupa yetu, mkawa sare. Ukacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye bwawa.

Mzee Horst alivua miwani. Akamwomba karani wa mapokezi kalamu. Akatoa mkobani bahasha ndogo ndogo mpya, rundo zima, akasema, Mama, endelea, polepole.

Nimesema hamsini na nane. Tano sikuzikumbuka. Tano! Nilikuwa nafanya nini siku hizo tano? Mashuka ya nani yalikuwa muhimu hivyo?

Bwana Garama akasema sarafu rafu ya juu, na bahasha zikae mbele yake zisomwe. Makombe rafu ya chini. Monicah akasema lakini Bwana Meneja. Bwana Garama akamwambia, Monicah, lile kubwa lioshwe kwanza.


Jumapili, 8 Novemba

Kanisani nimeshukuru kwa ufupi, bado nina hasira. Hasira na Kitsao. Hasira na kile kichupa.

Mzee Horst amezitia sarafu kwenye visanduku vigumu vya plastiki, vyangavu, havina harufu kabisa. Vimenitia wasiwasi. Kitu kizuri kisichonuka chochote? Nimevinusa mara nyingi. Amesema pia vanishi ya kabati jipya hutoa mvuke unaokula shaba, na hula hata makombe. Sarafu zina visanduku. Makombe hayana. Nimeona hilo si jambo la kumwambia Monicah siku ya Bwana.

Gillian anasoma. Kesho kemia. Nimemwombea na nimempikia pilau. Ameniuliza, Mama, tano zile hukumbuki kweli? Nikasema sikumbuki. Akasema moja anaikumbuka yeye, Baba alimsimulia akiwa darasa la pili, ile ya bibi harusi aliyelia kwenye lifti ya jikoni. Akaiandika mwenyewe kwenye bahasha.

Zimebaki nne. Nimekwenda uani nikajifanya nafagia.


Jumamosi, 14 Novemba

Kibao kimefika! Kimetengenezwa na fundi wa Ukunda. Shaba, herufi zimechongwa zikajazwa rangi nyeusi. KIMEU MUANGE, MPOKEA WAGENI, 1978–1997. Nimekisoma mara tatu. Liko. Jina liko! Mwanamke wa Kizungu amesimama akalitamka, vibaya, lakini akalitamka. Nikamsahihisha. Akarudia.

Nikakaa pale mpaka Bwana Garama akaniuliza kama leo hakuna mashuka.

Saa kumi nimepita tena. Kibao kimeguswa! Alama za vidole, tatu, katikati ya MUANGE. Chumvi ya bahari imeanza kukaa pembeni. Siku moja tu! Nikajua ni za Monicah, lakini sikugombana. Nilichukua stoo kwake, bila kumwambia, ile dawa kali ya kung'arishia mabomba ya bafuni, na kitambaa kigumu. Nimekisugua kwa moyo wangu wote. Vidole vimepona, nguvu ninazo. Nimekisugua mpaka nimejiona meno ndani yake.

Sasa herufi mbili hazionekani vizuri. M imepauka, na E imebaki vijiti viwili. Kitambaa kimetoka cheusi.

Nina hasira sana na huyo fundi. Rangi gani hiyo inayotoka kwa kusuguliwa kidogo? Ametudanganya! Amemdanganya marehemu! Jumatatu naenda Ukunda nikamtolee uvivu mbele ya wateja wake, na nimemwambia Bwana Garama amwite aje akione mwenyewe.

Ila aje mchana. Asubuhi nataka kukisugua tena vizuri, asije akakikuta kichafu.